Bibi Nyamizi Anamzika Baba Yake

Ukitaka kumkasirisha Bibi Nyamizi wa Itumbilo, mwambie apumzike. Mwambie, "Bibi, kaa kivulini, umri umekwenda." Utajuta. Atakuuliza huo umri umekwenda wapi na nani aliusindikiza, kisha atakutuma maji kisimani ili ijulikane nani hasa amechoka. Ana miaka themanini na ushee. Magoti yanamsumbua asubuhi na jioni, lakini ulimi wake haujawahi kuugua hata siku moja. Pale Itumbilo, kijiji kilichoingia ndani ya miombo ukishaipita Sikonge, hakuna mtu ambaye hajasemwa na Bibi Nyamizi, mchungaji akiwamo. Na hakuna nyumba isiyo na chupa ya asali yake.

Maana kazi yake ni nyuki. Wanawake wa huku zamani hawakurina asali. Walingoja wanaume watoke porini, ndipo wao wakamue na kuchuja. Yeye alikataa kungoja. Na alikuwa na sababu, tena si ndogo.

Baba yake, Masele, alikuwa mrina asali. Wakati ule Mwingereza alipokuwa akichukua vijana kuwaingiza Keya, jeshi lake la Waafrika, katika Vita ya Pili, Masele alichukuliwa pamoja na wenzake wa kijijini, wakatembea hadi Tabora, wakapandishwa treni. Mkewe alikuwa mjamzito. Porini aliacha mizinga yake ya magogo ikiwa imetundikwa mitini, na kila mzinga ulikuwa na alama yake aliyoichonga kwa mkono: mistari miwili imelala, mmoja umesimama juu yake. Huku kwetu alama ya mzinga si mapambo. Ukiiona alama ya mwenzio, unapita. Hata kama mwenyewe ameondoka miaka na miaka, hata kama asali inadondoka, unameza mate na unapita. Mtoto wake akitaka, ataichukua alama ile na kuichonga kwenye mizinga mipya, na mzee ataendelea kuwamo porini.

Vita ilipokwisha, wachache walirudi. Mmoja wao alikuja kwa mama yake Nyamizi, akavua kofia, akasema, "Masele alibaki Bama." Bama ndiyo Burma, ng'ambo ya bahari. Basi, hayo tu. Hakuleta nguo wala picha, na kaburi lenyewe hakuweza kusema liko upande gani wa mto.

Mama akakataa kukaa matanga. "Nimlilie nani? Nani amemwona?" Akawa kila akipeleka asali Tabora anapita stesheni, anatazama wanaoshuka. Mwanamke yule alitazama treni mpaka akazeeka. Alipokaribia kufa alimwita binti yake, akamwambia neno moja: "Mkinizika, ubavuni mwangu muache nafasi. Akija, au akiletwa, alale pale."

Ndiyo nafasi iliyoleta mambo yote haya.

Wamoravian wa Itumbilo wana desturi yao ya Pasaka. Jumamosi watu wanafyeka makaburi. Jumapili alfajiri, kabla jua halijachomoza, wanakusanyika kanisani, wapiga tarumbeta wanatangulia, na waumini wanawafuata hadi makaburini. Kule kila ukoo unakwenda kusimama kwenye makaburi ya watu wake, na wote wanangoja jua. Likichomoza, mchungaji anapaza sauti, "Bwana amefufuka!" na watu wanaitika, "Amefufuka kweli kweli!" Hapo ndugu wanaanza kuzungumza na marehemu wao, wanacheka, wanalia, wanapeana habari. Bibi Nyamizi husimama kwa mama yake. Kila mwaka hutazama ile nafasi tupu iliyoota majani, na kila mwaka humuuma.

Mwaka huu, katikati ya Kwaresima, Mzee Eliya alimngoja baada ya ibada. Mzee Eliya ndiye mwenyekiti wa wazee wa kanisa, mtu mrefu, mkavu, anayesimamia makaburi kama shamba lake. Alikuwa ameshika kofia mkononi, dalili kwamba ana jambo baya la kusema.

"Dada Nyamizi, makaburi yamejaa," alisema. "Baraza limeamua nafasi zote zilizo wazi zizikiwe. Ile ya pembeni ya mama yako nayo imo."

"Ile si wazi. Ile ina mwenyewe."

"Mwenyewe yuko wapi?"

Lahaula! Watu waliokuwa wanatoka kanisani walisimama. Bibi Nyamizi alimtazama kuanzia viatu hadi nywele. "Eliya, mwenyewe yuko Bama, alikokwenda kupigana vita ya watu asiowajua. Unataka nimwambie nini, kwamba amechelewa, chumba kimepangishwa?"

Mchungaji Gerson, kijana aliyeletwa Itumbilo mwaka jana tu, alisogea haraka kabla moto haujawaka. Akawaomba waingie ofisini. Mle ndani Mzee Eliya alishika msimamo wake: kaburi bila kitu ndani yake ni kudanganya watu na kumdanganya Mungu. "Leo tukimwekea Masele kaburi la hewa, kesho kila mtu atadai. Wengine hawakubatizwa. Wengine ni Waislamu. Wengine walikufa kwenye ile vita ya kwanza, ya Mjerumani, wamebeba mizigo, hata majina yao tunayakisia. Tutawazika wote pale?"

"Ndiyo," alisema Bibi Nyamizi.

"Basi lete kitu," Mzee Eliya akasema. "Kitu cha Masele mwenyewe. Hata kifungo cha shati. Ukileta, nitachimba mimi mwenyewe. Usipoleta hadi Pasaka, nafasi itatolewa."

Alisema hivyo akijua hana. Na kweli hakuwa nacho. Bibi Nyamizi alirudi nyumbani akakaa jikoni, uji ukaungua, hakuusikia. Alilia. Alilia kwa hasira kwanza, kisha kwa uchungu, maana aliona ahadi aliyompa mama yake inamponyoka mikononi. Marehemu mumewe, mtu mpole aliyemwacha achonge alama ya baba yake kwenye mizinga yao badala ya ya kwake na kuvumilia kuchekwa kijiji kizima, angejua la kumwambia. Lakini naye alikuwa kulekule makaburini.

Ndipo akaukumbuka mzinga.

Ukweli ni kwamba hakuwa ameusahau. Alikuwa hataki kuufikiria. Katika mizinga yote aliyoiacha Masele, ulikuwa umebaki mmoja, wa mninga, mbali porini karibu na bonde la mbuga. Mninga ni mgumu, mchwa wenyewe huutema. Nyuki walikuwa wamehama miaka mingi, upande mmoja mvua zimeula, lakini alama ilikuwa bado inasomeka. Hiki ndicho kitu pekee duniani kilichoguswa na mkono wa baba yake. Kila mwaka alikwenda kukiona, akaweka kiganja juu ya ile mistari, akarudi. Kukizika maana yake hatakiona tena.

Alikwenda kwa Shomari. Shomari ni jirani yake na mshirika wake wa kazi; magoti ya bibi yalipokataa kupanda miti, Shomari ndiye akawa anapanda, na asali wanagawana. Ni Mwislamu, hakosi swala, na hakosi pilau ya Krismasi kwa Bibi Nyamizi vilevile.

"Nataka ukanishushie baba," alimwambia.

Shomari hakuuliza kushushia nini. "Bibi, ukikizika umekizika. Hakuna kufukua."

"Najua. Ningekuwa sijui nisingelia mpaka uji wangu ukaungua."

"Basi twende. Na mimi babu wa baba yangu alibebeshwa mizigo ya Mjerumani, akaishia njiani. Kwetu hakuna hata nafasi ya kudai. Acha nimbebe Masele, roho yangu itapoa kidogo."

Wakaenda kwa baiskeli, Shomari anaendesha, bibi nyuma anamwongoza na kumlaumu kwa kila shimo. Shomari akapanda, akagonga mzinga, akasikiliza, kimya. "Mtupu!" alipiga kelele kutoka juu. Akaufunga kamba, akaushusha polepole, na Bibi Nyamizi akaupokea chini kwa mikono miwili huku akisema pole baba, pole, taratibu.

Sasa hapa ndipo walipoharibu, na nikwambie, kosa hili mtu wa pwani, asiyejua mizinga, asingelifanya. Bibi Nyamizi aliutazama mzinga ule, una utando wa buibui, una uchafu wa panya, akasema hawezi kumzika baba yake mchafu. Wakauosha. Ulipokauka, wakaufukiza moshi ndani kutoa harufu ya panya. Halafu Shomari akatoa nta, akaiyeyusha, wakaupaka ndani, wote wawili, kwa upendo kabisa, huku wakipiga stori za marehemu. Wakabadilisha mifuniko iliyooza. Na kwa kuwa mzinga hauwekwi chini, panya wataurudia, wakauegesha kwenye panda ya mti nyuma ya nyumba ungoje Pasaka, wala hawakwenda kuuangalia tena.

Mrina asali yeyote anayesoma hapa ameshashika kichwa. Kusafisha, kufukiza, kupaka nta, kuupandisha mtini: ndivyo mzinga unavyoandaliwa kualika nyuki! Watu wawili waliokula asali maisha yao yote, mikono yao ilifanya kazi iliyoizoea, na akili zao zilikuwa msibani.

Jumamosi ya kufyeka makaburi, Mzee Eliya, akiwa ameshaambiwa habari za mzinga, alichimba shimo mwenyewe, kama alivyoahidi. Hakutegemea kulichimba, lakini neno lake ni neno. Alichimba huku amenuna, na hakukubali kusaidiwa.

Pasaka alfajiri bado kuna giza, umande umelala majanini, baridi ile ya mwisho wa masika, Shomari na wenzake wakaushusha mzinga nyuma ya nyumba, wakauviringisha kwenye sanda nyeupe mpya, wakaufunga vizuri, wakaubeba begani.

"Mzee amekuwa mzito," Shomari alisema.

"Alikuwa askari," bibi akamjibu. "Ulitaka awe mwepesi?"

Tarumbeta zikatangulia. Kijiji chote kilikuwa kimekuja, hata wasiosali pale, maana habari ya mtu anayezikwa baada ya miaka themanini haimwachi mtu kitandani. Wakafika, wakaweka mzinga ukingoni mwa shimo, chini ya mninga mkubwa ulioota hapo kwenye kaburi la mama. Wakasimama kila ukoo mahali pake. Jua likachomoza. Mchungaji Gerson akapaza sauti, "Bwana amefufuka!" na watu wakaitika kwa nguvu, na Vedasto, mpiga tarumbeta mkuu, akapuliza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

"Ngojeni," alisema Bibi Nyamizi walipotaka kuteremsha. "Nifungulieni niishike alama yake mara ya mwisho."

Shomari akafungua sanda. Bibi akapiga magoti, na yale magoti yake mnayajua, akaweka kiganja juu ya mistari. Akakaa hivyo. Kisha akauondoa mkono haraka, akautazama, akaurudisha tena.

"Shomari," alisema kwa sauti ya chini. "Unatetema."

Shomari akainama, akaweka sikio. Uso ukambadilika. "Bibi, humu ndani kuna wenyewe."

Nyuki wa kwanza akatoka kwenye tundu, akazunguka, akatazama mazingira. Wa pili. Halafu jua likaupiga mzinga sawasawa, na Vedasto, asiyejua lolote, akapuliza tena. Mama yangu! Walitoka kama walioitwa. Koo zikaachana na makaburi yao. Waimbaji wakakimbilia mihogoni na kanzu zao. Mchungaji Gerson akajifunika kwa joho. Mzee Eliya, ambaye siku zote anakemea watoto wasikanyage makaburi, aliruka makaburi ya watu watano wa heshima huku Biblia iko kichwani. Vedasto akaumwa mdomoni, palepale pa kupulizia.

Bibi Nyamizi hakukimbia. Angekimbiaje? Alikaa palepale chini, akavuta khanga kichwani, akatulia, na nyuki walikuwa wakitambaa juu ya mikono yake bila kumfanya kitu. Lakini moyoni alikuwa amevunjika. Aliwaza, nimekuja na kitu pekee nilichokuwa nacho, nimekigeuza kichekesho, na sasa hata kukizika siwezi. Alijua, kama wote walivyojua, kwamba mzinga wenye nyuki hauzikwi. Ni mwiko. Nafasi imekwenda.

Shomari akarudi na moshi wa nyasi mbichi, akawatuliza nyuki, wakaanza kuingia. Watu wakarudi mmoja mmoja, wanajipapasa, wanachekana. Mzee Eliya alirudi wa mwisho, na jicho moja limeanza kuvimba.

Alisimama kwenye ukingo wa shimo alilolichimba. Akautazama mzinga, akatazama alama, akawatazama nyuki wanavyogombea mlango. Huyu mzee naye ni mrina asali, kama wanaume wengi wa Itumbilo.

"Haya," alisema Bibi Nyamizi kutoka chini, "sema. Sema nafasi inatolewa."

"Nani atachimba kaburi chini ya nyuki?" Mzee Eliya akauliza.

Watu wakatazamana.

"Nauliza. Tukiutundika mzinga huu hapa juu," akaonyesha tawi la mninga lililopita juu ya shimo, "mbali na vichwa vya watu, Shomari anajua, ni mwanamume gani wa Itumbilo atakayekuja na jembe kuomba azike mtu chini yake? Na mzinga una alama. Mwenye alama yupo. Mimi nitatoa nafasi ya mtu aliyepo?" Akameza mate. "Mungu mwenyewe ameukataa usizikwe. Mimi ni nani?"

Na hapo mzee yule mkavu akaanza kulia, mbele ya waumini, mbele ya watoto. Akasema baba yake mkubwa aliondoka na Masele siku ile ile, treni ile ile, wala naye hakurudi. Kwao walikatazwa hata kulitaja jina lake ili bibi yao asilie. Yeye alikua akidhani kusahau ndiyo adabu. "Mizinga yake yote ilikwisha kuoza," alisema. "Lakini alama naijua. Baba alinichorea."

"Na mkono wa kuchonga huna?" Bibi Nyamizi akamuuliza. "Chonga mzinga, Eliya. Unangoja Bama wakupigie simu?"

Watu wakacheka, na Mzee Eliya akacheka huku machozi yanamtoka kwenye jicho lililovimba. Shomari akajikohoza. Akasema kwa Mchungaji Gerson, kwa aibu kidogo, kwamba alama ya babu wa baba yake nayo ipo, ile ya duara lenye msalaba katikati, ila mwenyewe alikuwa Mwislamu na tena hakuwa hata askari, mpagazi tu.

"Alibeba mizigo ya vita akafa?" Mchungaji akauliza.

"Akafa."

"Mti ni mkubwa," alisema Mchungaji Gerson. "Lete."

Hapo zikaanza kutoka alama. Watu waliokuwa hawajawahi kutaja vita wakawa wanachora kwa vidole kwenye udongo uliotoka shimoni: hii ya kwetu, hii ya mjomba, hii ya yule aliyekwenda Uhabeshi. Wengine majina walikuwa wameyapoteza kabisa, lakini alama walikuwa nayo, imeshikwa na koo zao porini mpaka leo. Vijana wakachukua simu wakapiga picha udongo ule kabla haujafukiwa.

Wakafukia shimo, tupu kama lilivyo. Shomari akapanda mninga, wakavuta kamba kwa pamoja, waumini na wasio waumini, na mzinga ukapanda polepole hadi kwenye tawi, ukafungwa, ukatulia. Nyuki wakazunguka kidogo, wakarudi kazini.

Mchungaji Gerson akamgeukia Bibi Nyamizi. "Bibi, ibada haijaisha. Kila mtu alizungumza na wa kwake. Bado wewe."

Wakamsaidia kuinuka. Akasogea, akakanyaga udongo mpya ubavuni mwa mama yake, mahali ambapo hakuwahi kuweka mguu maisha yake yote. Akatazama juu. Mwanamke aliyekuwa na jibu kwa kila mtu wa Itumbilo alijifunga khanga upya, akaifungua, akaifunga tena. Watu wakavua kofia. Hata Vedasto na mdomo wake uliovimba alishusha tarumbeta.

"Shikamoo, baba," alisema mwisho. "Wewe ni kijana na mimi ni kikongwe, lakini shikamoo ni yako." Akafuta macho kwa pindo la khanga. "Hunijui. Ndiye mimi niliyekuwa tumboni. Nilizaliwa salama, mama alitaka sana ujue. Waliniita Nyamizi."

Kisha akaomba kiti, akakaa, na kuanza kumweleza habari za nyumbani, tangu mwanzo.